Sidiria ya fundi wa Kenyatta Market, kwa mwanamke aliyeondolewa titi

Sidiria ninayoiandikia hapa haiuzwi katika duka lenye vioo wala haina lebo ya kampuni. Inashonwa na mama mmoja ndani ya Kenyatta Market, Nairobi, upande wa mafundi wa nguo, katika kibanda ambacho wawili wakikaa, wa tatu husimama mlangoni. Ni sidiria ya mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani. Inafungwa kwa kulabu mbele, ina mfuko kwa ndani, na mfukoni humo huingia titi la kitambaa ambalo fundi huyo hulishona, hulijaza na kulipima mwenyewe. Nimeivaa darasani nikifundisha, nimeivaa kanisani nikiwa zamu ya kupokea watu mlangoni, nimeivaa ndani ya matatu za Buruburu jioni watu wakisukumana, na nimeivaa Februari jua likiwa utosini. Ninayoyasema nimeyaona mwilini mwangu.

Jina lake sitalitaja, wala namba yake sitaiweka, maana ameniomba nisifanye hivyo. Ukifika sokoni uliza fundi wa sidiria za wagonjwa. Hata wachoma nyama wanamjua.

Kwanza nieleze nilikotoka. Titi langu la kulia liliondolewa pamoja na tezi za kwapani. Kidonda kilipopona, kilichonisumbua zaidi hakikuwa kovu, kilikuwa ulinganifu wa mwili. Mimi ni mtu wa kifua kikubwa. Upande mmoja ukibaki mzito na wa pili mtupu, bega hupanda, shingo hukaza, na ikifika saa nane mchana mgongo unauma na bado kuna kipindi cha mwisho cha Kiswahili. Wengi wetu huanza na soksi, au leso iliyokunjwa, au pamba ya dukani. Pamba haina uzito, kwa hiyo kila unapoinua mkono kuandika ubaoni, inapanda kidogo kidogo mpaka inakaribia mtulinga, nawe unaishusha kwa kiwiko huku umewapa wanafunzi mgongo wasikuone. Mwanamke aliyepitia hapo ananielewa bila maelezo zaidi.

Yako matiti ya silikoni, na ni vifaa vizuri. Uzito wake unakaribia ule wa titi lenyewe na umbo lake halionyeshi tofauti chini ya nguo. Duka moja la mjini lilinitajia bei iliyozidi nusu ya mshahara wangu, na kijana aliyenihudumia alikuwa akinieleza huku ametazama mlangoni. Nililijaribu hata hivyo. Uzito ulikuwa sawa, lakini silikoni haipitishi hewa, na jasho lilikusanyika nyuma yake juu ya ngozi ambayo bado ilikuwa inawasha kutokana na mionzi. Mwanamke anayeshinda ofisini penye kiyoyozi huenda asilione hilo kuwa tatizo. Mimi hushuka steji, nikatembea hadi shuleni, nikasimama mbele ya darasa mpaka jioni.

Habari za fundi nilizipata kwenye foleni ya kliniki, kutoka kwa mama aliyekuwa amekaa kando yangu akiwa amenyooka mgongo vizuri kuliko sisi sote.

Sasa, Kenyatta Market inajulikana Nairobi nzima kwa nyama choma na kwa kusuka nywele. Mwanamke yeyote anayekatiza pale huitwa kutoka kila upande: "Mami, unasuka? Kuja nikusuke, nitakufanyia bei poa." Wengine hukushika mkono kabisa. Hebu fikiria unapita hapo umejifunga kitambaa kichwani, na chini ya kitambaa hakuna unywele hata mmoja kwa sababu ya kemo, zile dawa kali za saratani. Niliiogopa njia ile kuliko nilivyoogopa kuvua blauzi mbele ya mtu nisiyemjua. Msusi mmoja kijana alinifuata akiniita, akakitazama kitambaa changu, akautazama mkono niliokuwa nimeubana kifuani, akaziacha habari za kusuka. "Unatafuta fundi," akaniambia, wala hakuwa anauliza. Akanitangulia katikati ya vibanda akiwaambia wenzake wanipishe.

Baadaye nilikuja kujua kwamba fundi alikaa na wasusi wa mstari ule akawaeleza. Wanajua kumtambua mgonjwa, na wanajua wampeleke wapi bila kumpigia kelele. Hospitali ya Kenyatta haiko mbali na soko, na wako wanaotoka kliniki wakapitia hapo kula kabla ya kupanda gari la nyumbani. Fundi alihamia hapo kwa sababu hiyo. Zamani alikuwa na chumba kizuri zaidi mahali pengine.

Ndani kuna cherehani moja ya kukanyaga, meza ya kukatia ambayo chini yake ndiyo stoo, stuli mbili na pazia zito la mlangoni. Kioo kipo, kirefu cha kufika magotini, lakini kimefunikwa leso. Anayetaka kujitazama huifunua mwenyewe, na asiyetaka hasogezwi karibu nacho. Nimenunua nguo mahali pengi na sijaona mwenye duka aliyewaza jambo hilo. Yeye aliliwaza kwa sababu aliwahi kusimamishwa mbele ya kioo kabla hajawa tayari.

Hakuniambia nivue. Alivuta stuli, akakaa tukatazamana, akasema, "Mimi pia nina moja. Bonyeza, kisha uniambie la Mungu ni lipi na la cherehani ni lipi." Nikabonyeza juu ya gauni lake, kushoto halafu kulia, na sikuweza kubaini. Akacheka kwa furaha ya fundi anayeijua kazi yake. Nilipofungua vifungo vya blauzi baada ya hapo, hofu ilikuwa imekwisha kuondoka.

Upimaji wake unastahili kuelezwa kwa kirefu. Tepu huipitisha chini ya kifua, kisha juu yake, kisha kutoka shimo la shingo hadi kwenye chuchu ya titi lililobaki, na kutoka hapo kuzunguka hadi katikati ya mgongo. Hakuniambia niinue mkono hata mara moja, alizunguka yeye. Baada ya vipimo vya tepu huja uzito. Ana vifuko vidogo vya kitambaa vilivyojazwa punje za wimbi, kila kimoja kimeandikwa gramu zake kwa kalamu. Hukuvalisha sidiria ya majaribio, akatia kifuko kimoja mfukoni, akakupa pakiti ya unga ya kilo mbili uishike mkono ule mzima, akakuambia utembee hadi kwa jirani anayeuza vifungo na kurudi. Anaongeza kifuko, unatembea tena. Kifua hakitazami kabisa. Anakutazama mabega kwa nyuma. Mabega yakilingana, anaandika. Wangu uliishia gramu 450, na nilipokuwa narudi kutoka kwa muuza vifungo safari ile ya mwisho, nilisikia shingo imelegea, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu nitoke hospitalini.

Punje hizo za wimbi hukaangwa kidogo kwanza ili zisiote zikipata unyevu na zisiingiwe na wadudu. Kifuko chake hukaa nyuma na chini, karibu na mbavu, na mbele yake kuna pamba ya mito iliyochambuliwa kwa vidole hadi haina donge. Kifuko hutoka, na hilo ni la maana: ukitaka kufua, unakichomoa, unafua ganda na sidiria kwa maji ya uvuguvugu, unaanika kivulini, unarudisha kifuko vikiwa vimekauka kabisa.

Ganda la nje ni kitambaa cha fulana, pamba tupu, anachokinunua Biashara Street. Ameunganisha vipande vitatu kwa namna ambayo hakuna mshono unaolala juu ya kovu. Hapa ndipo nilipotambua kwamba kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mwingine yeyote hivi hivi tu. Sidiria za kawaida zina mshono chini ya kwapa, palepale kisu kilipopita. Ya kwake mshono ameusogeza nyuma, upana wa vidole vitatu kuelekea mgongoni, na ukingo wake ameukunjia nje, upande wa nguo, ili upande wa ngozi ubaki laini. Mkanda wa bega la mgonjwa ni mpana kuliko ule wa bega la pili, maana bega la upande uliotolewa tezi halitakiwi kukatwa na mkanda mwembamba. Waya hautumii kabisa. Kulabu ameziweka mbele kwa sababu baada ya upasuaji mkono haufiki mgongoni, na wengi wetu tuliwahi kungoja mtoto arudi kutoka shuleni ndio atufunge. Nilimwona mama mmoja, mtu mzima wa makamo yangu, akijifunga kulabu hizo mwenyewe kwa mara ya kwanza pale kibandani. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena.

Nilimuuliza fundi alijifunzia wapi. Akaniambia alikuwa mshonaji wa gauni za harusi, satini na lesi, kazi ya kukesha misimu ya Agosti na Desemba. Alipopasuliwa, mkono wake ukaanza kuvimba. Hilo huwapata baadhi yetu: tezi za kwapani zikiondolewa, maji ya mwili yanakosa njia, mkono unajaa na kuwa mzito. Ule mkasi mkubwa wa kukatia ukawa haushikiki kwa zaidi ya dakika chache. Gauni la harusi ni mita nyingi za kitambaa, na bibi harusi hawezi kuahirisha siku yake kwa ajili ya mkono wa fundi. Akarudisha malipo ya watu, akakaa nyumbani, cherehani ikafunikwa. Kilichomtoa ni shida yake mwenyewe. Alikosa sidiria, akajishonea moja. Akagundua kwamba vipande vyake ni vidogo, vinakatwa kwa mkasi wa kawaida, na kazi nzima inaweza kufanyika mkono ukiwa umelazwa mezani. Mgonjwa mwenzake aliiona kliniki, akaomba ya kwake. Ndivyo ilivyoanza.

Nikamuuliza kama anaamini Mungu alimpitisha kwenye ugonjwa kusudi aje atusaidie sisi, maana ndivyo tunavyozoea kusema kwenye shuhuda. Akaacha kukanyaga cherehani. "Hapana, mwalimu. Saratani si zawadi. Zawadi ni hii," akaigonga cherehani, "na hii Mungu alinipa nikiwa msichana. Ugonjwa umenionyesha tu pa kuupitisha mshono."

Nimekuwa nikilitafakari jibu hilo hadi leo, na ninalikubali kwa moyo wote. Nilipokuwa kwenye kemo walikuja ndugu wa imani, wenye nia njema, wakaniambia Mungu ana makusudi yake, au kwamba ningekuwa na imani zaidi ningepona bila kisu. Maneno hayo yaliniongezea mzigo juu ya mzigo. Wakati mwili umechoka, hutaki kufafanuliwa mateso yako na mtu ambaye hajawahi kuyaonja. Paulo anapowaandikia Wakorintho barua ya pili, mwanzoni kabisa, anazungumzia faraja tunayopokea katika dhiki zetu ili tuweze kuwafariji wengine walio dhikini. Kwa kusoma kwangu, hasemi kwamba dhiki ndiyo neema. Kinachotoka kwa Mungu ni faraja, na faraja ikishampitia mtu hujua njia ya kumfikia mwingine. Fundi wangu amefarijiwa kwanza, ndipo akajua sisi tunakosa nini.

Huwa namkumbuka Dorkasi wa Yafa, katika Matendo ya Mitume sura ya 9. Alipokufa, wajane walisimama karibu na Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Hiyo ndiyo iliyokuwa shuhuda yao: nguo zenyewe, mikononi mwao. Na katika kitabu cha Kutoka, kabla hema ya kukutania haijajengwa, fundi Bezaleli anajazwa Roho wa Mungu apate ustadi wa kazi ya mikono, ya dhahabu na fedha na mawe na mbao. Kanisani tunampigia makofi anayeimba na anayehubiri, na wanastahili, lakini sijawahi kusikia fundi wa nguo akiitwa mbele akawekewa mikono kwa ajili ya huduma yake. Natamani lifanyike, na nimelisema katika kikundi chetu cha kina mama.

Msidhani lakini kwamba ukienda pale utahubiriwa. Baada ya kupima huuliza swali moja: "Nikuombee, au nikushonee tu?" Na anangoja jibu. Siku moja nikiwa nimekaa kwenye stuli alikuja mama Mwislamu kutoka Eastleigh, amevaa buibui, amesindikizwa na binti yake. Alipoulizwa alijibu, "Nishonee, mama. Dua nitaomba mwenyewe." Fundi akasema haya, akaendelea kupima kwa upole uleule, akamtembeza na pakiti ya unga hadi kwa muuza vifungo, akampa siku ya kurudi. Bei ilikuwa ileile. Mimi niliyeomba kuombewa nilipewa sala fupi isiyofika dakika mbili, mkono wake ukiwa begani kwangu upande ule usiouma.

Tena hashoni kila anachoombwa. Mwenye kidonda kibichi humpa titi jepesi la pamba lisilo na punje, na kumwambia arudi daktari akisharuhusu uzito. Na akija mwanamke mwenye uvimbe ambaye hajapimwa, kazi husimama. Alikuja mmoja, dada wa miaka ya thelathini hivi, aliyekuwa ameambiwa mahali fulani afunge na kuomba tu. Fundi aliomba naye, kisha akafunga kibanda, akaandamana naye hadi kliniki siku hiyohiyo. "Kuomba tumeomba," alimwambia, "sasa twende tukaonyeshe." Nchini Kenya saratani ya matiti ndiyo inayoongoza kwa wagonjwa wapya, na wengi hufika hospitalini ikiwa imeshaenea. Kumfikisha mtu kwa daktari mapema nako ni huduma, na naona fundi anaithamini kuliko sidiria zake zote.

Jumatano mchana hufunga. Kwa ruhusa ya wauguzi, huwatembelea wanawake waliotoka kupasuliwa, akiwa na mfuko wa matiti mepesi ya pamba ya kuwapa bure, ili mtu asirudi nyumbani akiwa mtupu upande mmoja. Nilipoanza kusoma juu ya mambo haya nilifurahi kukuta kwamba anatembea njia iliyokwisha kukanyagwa. Mwaka 1952 huko New York, Terese Lasser aliondolewa titi, akaona hakuna aliyeweza kumweleza atavaa nini au atautumiaje mkono wake, akaanza kuwatembelea wagonjwa vitandani yeye mwenyewe. Juhudi yake iliitwa Reach to Recovery, na mwaka 1969 chama cha saratani cha Marekani kiliichukua. Ruth Handler naye, yule aliyemleta duniani mwanasesere Barbie mwaka 1959, aliondolewa titi mwaka 1970, hakuridhika na matiti bandia aliyoyakuta madukani, akaanza kutengeneza yaliyo bora. Fundi nilipomsimulia hayo aliuliza jambo moja tu: walikuwa wanajaza nini ndani?

Nilikuwa nasoma kwa sababu alinipa kazi. Siku niliyokwenda kuchukua sidiria alinitolea karatasi ya mazoezi ya mkono anayopewa mgonjwa, imeandikwa kwa Kiingereza kigumu cha kitabibu, akaniuliza, "Mwalimu, wewe mkononi una nini?" Lilikuwa swali la Mungu kwa Musa, na mkononi nilikuwa na kalamu nyekundu ya kusahihishia. Nikaenda nayo nyumbani. Nimeandika ukurasa mmoja wa Kiswahili rahisi, muuguzi mmoja wa kliniki akanisomea na kunirekebishia: kusimama ukielekea ukuta na kupandisha vidole kidogo kidogo kama kinyonga juu ya tawi, kuacha pale unapoanza kuvuta, kuweka alama ya penseli, na kesho kujaribu kuipita, kutobeba ndoo kwa mkono ule, kuwahi kliniki mkono ukiwa mwekundu au wa moto, namna ya kufua na kuanika. Sasa karatasi hiyo hukunjwa na kutiwa ndani ya kila sidiria inayotoka. Kemo iliniondolea nguvu za kusimama kwenye kwaya, na nilidhani sina tena cha kutoa. Kuandika sentensi fupi zinazoeleweka na mtu aliyechoka ni jambo ninaloliweza, na kuchoka huko nakujua. Mama mmoja wa Kibera alinishika mkono sokoni akaniambia amefika alama ya tano ukutani. Sikulala mapema siku hiyo kwa furaha.

Kasoro zipo, na anayetaka kununua anastahili kuzijua. Lastiki ya mikanda hulegea baada ya kufuliwa miezi kadhaa. Yeye huibadilisha bila malipo, lakini nauli na siku ni vyako, na kwa anayetoka Machakos au Murang'a hiyo si gharama ndogo. Ningependa aanze kutumia lastiki nene zaidi hata bei ikipanda kidogo. Rangi ni tatu tu: nyeusi, nyeupe, na ile inayoitwa rangi ya ngozi ambayo si ya ngozi ya mtu yeyote ninayemjua hapa. Nimemwomba atafute kahawia iliyokolea. Chini ya blauzi nyeupe ya shule tofauti inaonekana. Ukinyeshewa mvua ya Aprili hadi ndani, punje hunywa maji na titi huwa zito na kutoa harufu ya uji, kwa hiyo beba mwavuli, au uwe na kifuko cha akiba. Kuogelea nalo haiwezekani. Risiti ya bima hatoi. Halafu kungoja: yuko peke yake, mkono wake hauruhusu kazi ya haraka, na Oktoba, mwezi wa kampeni za saratani ya matiti, foleni yake hurefuka sana. Yangu ilichukua wiki tatu. Amepata msichana wa kumfundisha, mwenye mikono mizuri, na ninaamini hilo litapunguza kungoja.

Ukilinganisha na ya kiwandani, ya kiwandani inaishinda ya fundi kwa urembo. Ya fundi haina lesi, haina maua, na anayetaka sidiria ya kupendeza macho ataona hii ni ya kazi tu. Kwa starehe ya mwili sijavaa bora yake. Jioni naivua nikiwa nimesahau kwamba nilikuwa nimevaa kitu.

Bei nilizolipa mimi ni shilingi 1,500 za sidiria na shilingi 700 za titi lenye kifuko chake. Kifuko cha akiba ni shilingi 150. M-Pesa anapokea. Mezani kuna kopo la majani ya chai lenye tundu kifunikoni, na anayeweza huongeza chochote humo kwa ajili ya asiyeweza. Hakuna orodha ya waliotoa wala ya waliopewa. Nimekaa pale nikaona mwanamke akiambiwa "yako imeshalipwa," naye akauliza na nani, akajibiwa kwamba hilo halimhusu, avae tu.

Ukienda, nenda asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa isipokuwa Jumatano mchana. Jumamosi soko hujaa wanaokuja kusuka na pazia halizuii kelele. Vaa blauzi ya vifungo mbele, usivae ya kuingilia kichwani. Chukua sidiria yako ya zamani iliyokukaa vizuri zaidi, maana huanzia hapo, na karatasi ya daktari kama upasuaji ni wa karibuni. Mume au kaka akikusindikiza, kuna benchi nje kwa muuza vifungo, na chai ya hapo ni nzuri.